Oveni imeandikwa wati 1800, nikipima napata 1435. Nimepigwa?

BiKeki_Fuoni

Assalaam alaykum jamani. Mie si fundi, na fizikia niliiacha skuli zamani hata vitabu vyake sijui viliko, kwa hiyo nikikosea maneno mnisamehe. Naoka keki za oda hapa nyumbani Fuoni. Mwezi uliopita nlinunua oveni ya umeme duka moja pale Darajani, nyuma ina kibandiko kimeandikwa 230V 1800W. Tangu nimekuja nayo raha sijaiona, keki iliyokuwa ikiiva dakika 40 kwenye oveni ya zamani kwenye hii inachukua saa zima na juu bado nyeupe, na ile taa yake nyekundu haizimi kabisa, inawaka kutoka mwanzo mpaka natoa keki. Yuniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, nazo zinashuka naziona kwa macho yangu.

Nikarudi dukani nikagombana na yule kijana, akanambia "bi mkubwa oveni nzima hiyo, angalia umeme wako". Nikaona ananifanya mjinga tu.

Basi jirani yangu anatengeneza mafriji, kaniazima mita yake ile yenye mdomo kama koleo unabana waya inasoma ampia. Mara ya kwanza nlibana waya wote mzima ikasoma sifuri nikasema mita mbovu, kumbe anasema ndani mna waya wa kwenda na wa kurudi zinafutana hesabu, lazima ubane mmoja peke yake. Akanifanyia kipande cha waya alichozitenganisha nje. Oveni inawaka: volti 205, ampia 7.0. Mdogo wangu yuko kidato cha pili akasema dada hii rahisi, ukitaka ohm unagawa volti kwa ampia, ukitaka wati unazidisha. Akapata ohm 29.3 na wati 1435.

Sasa naulizeni, hesabu yake sawa? Na kama sawa wati zangu 365 zimekwenda wapi? Nimeuziwa feki?

Yakhe77

Umepigwa shoga. Vitu vya siku hizi wanaandika namba kubwa kwenye kibandiko ili uvutike. Rudisha, na kama una risiti wabane.

Mwalimu_Mtoni

Wa alaykum salaam. Bi Keki, kwanza mdogo wako mkatie kipande kikubwa cha keki maana kafanya sawasawa. 205 gawa kwa 7.0 ni 29.3, na 205 mara 7.0 ni 1435. Hapo hakuna kosa hata kidogo.

Pili usirudi dukani kugombana kabla hujamaliza kusoma hapa. Hebu chukua kalamu tupime oveni yako kwa kile kibandiko chenyewe, bila mita. Imeandikwa wati 1800 kwa volti 230. Wati ni volti mara ampia, kwa hiyo ukitaka ampia gawa 1800 kwa 230, unapata 7.83. Haya sasa ohm, 230 gawa kwa 7.83, unapata 29.4. Wewe umepima ukapata 29.3. Unaona? Kiwanda kimesema 29.4 na oveni yako mezani kwako inasema 29.3. Ule waya wa ndani unaopiga wekundu ni ule ule walioukusudia, hawajakupunguzia kitu.

Watu wengi wanadhani wati ni kitu kinachokaa ndani ya chombo kama kilo za mchele kwenye gunia. Sivyo. Kinachokaa ndani ya oveni ni ukinzani, yaani ohm, na huo kwa waya wa oveni haubadiliki sana hata ukipata moto. Wati zinapatikana pale unapochomeka, na zinategemea volti zilizofika. Kibandiko kinasema "nipe 230 nikupe 1800". Wewe umempa 205.

Na hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu volti zikipungua ampia nazo zinapungua pamoja nazo, na wati ni zile mbili zikizidishwa, kwa hiyo unapigwa mara mbili. 205 kwa 230 ni kama 0.89, yaani volti zimepungua asilimia 11 hivi. Lakini 0.89 mara 0.89 ni 0.79. Volti asilimia 11, moto asilimia 21 umekwenda. Ukizidisha 1800 kwa 0.79 na ushei utapata 1430, na mdogo wako kapata 1435. Basi hapo mie nshafunga kesi ya yule kijana wa duka, alisema kweli.

Ukitaka njia fupi: volti mara volti, gawa kwa ohm, hizo ndio wati. 205 mara 205 ni 42,025, gawa kwa 29.3, utaiona 1434 inakuja yenyewe.

FundiChake

Mwalimu kamaliza upande wa oveni, mie nataka kujua upande wa waya. Bi Keki hizo volti 205 umezipimia wapi, kwenye soketi ya ukutani au kuna ekstensheni katikati? Maana fundi wa friji akikufanyia kipande cha waya nina hakika mmekichomeka palepale karibu na oveni. Fanya hivi, oveni iwe inawaka (lazima inawaka, ikizimwa hutoona kitu), upime volti za ukutani halafu upime tena pale oveni ilipochomekwa. Lete namba zote mbili. Na ukimaliza kupima tia mkono juu ya plagi ya ekstensheni nje tu, uniambie ina joto au la.

BiKeki_Fuoni

Ahsanteni sana wallahi sikutarajia majibu marefu hivi. Fundi umejuaje kuna ekstensheni 😅 iko, jiko langu soketi iko upande wa mlango na meza iko dirishani, ekstensheni ya mita 10 nyembamba ile nyeupe, nlikuwa nayo kabla hata ya oveni.

Jirani kaja kanisaidia. Ukutani oveni ikiwa imezimwa 224. Oveni inawaka, ukutani 219. Pale kwenye ekstensheni ilipo oveni 205 ile ile. Plagi ya ekstensheni ina joto mpaka mkono hauwezi kukaa, na nlipoichomoa upande mmoja imefanya rangi ya kahawia kama mkate uliopitiliza. Kuna harufu pia lakini mie siku zote nlidhani harufu ya oveni mpya.

FundiChake

Bi Keki acha kuoka leo. Chomoa hiyo ekstensheni usiitumie tena hata kwa kuchajia simu, halafu kaa tufanye hesabu utaelewa kwa nini.

Ukutani 219, mwisho wa waya 205. Volti 14 zimepotea njiani. Ampia zinazopita kwenye ekstensheni ni zile zile 7.0 zinazopita kwenye oveni, hakuna njia nyengine. Basi ohm za ekstensheni ni 14 gawa kwa 7, ohm 2. Na wati zinazobaki ndani ya ekstensheni ni 14 mara 7, wati 98. Unazikumbuka zile taa za zamani za globu za wati 100, ukiishika inakuunguza vidole? Hiyo taa moja imewaka ndani ya ekstensheni yako kila ukioka, na unailipia.

Ingekuwa hizo wati 98 zimetandazwa mita 10 zote waya ungepata uvuguvugu tu. Lakini tazama, waya wa shaba wa milimita 0.75, ambao ndio wanaoweka kwenye hizi ekstensheni nyembamba, mita moja ina kama ohm 0.023. Mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, 20 jumla, ohm 0.46. Wewe una 2. Hizo 1.5 na zaidi nyengine ziko wapi? Ziko kwenye plagi yako iliyogeuka kahawia. Skrubu imelegea au nyuzi zimekatika zimebaki mbili tatu. Hapo peke yake volti kama 11 zinaangukia, mara 7, wati 75 au zaidi kwenye kitu kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Plastiki haiwezi kustahmili hilo.

Na usiniambie fyuzi iko. Fyuzi ya plagi ni ya ampia 13, yenyewe inahesabu ampia tu, na kwako zinapita 7. Itakaa hapo imetulia inatazama plagi inaungua. Nimeona soketi nyingi huku Chake zimeyeyuka na fyuzi nzima ndani yake.

Yakhe77

Haya nimekubali kwenye la duka nimekosea. Lakini sasa nyie wawili mnanichanganya. Mwalimu anasema volti mara volti GAWA kwa ohm, maana yake ohm zikiwa ndogo ndio wati nyingi. Fundi anasema plagi imeungua kwa sababu ohm zimekuwa kubwa. Mmoja wenu anadanganya au mie sina akili.

Mwalimu_Mtoni

Swali zuri yakhe na wanafunzi wangu kila mwaka wanakwama hapo hapo, wengine mpaka kwenye mtihani wa taifa.

Jiulize kwanza kitu gani kimeshikwa hakibadiliki. Ukichomeka vitu viwili kila kimoja na soketi yake, oveni hapa na taa kule, vyote vinapata volti sawa. Hapo mwenye ohm ndogo anapitisha ampia nyingi na ndiye anayekula wati nyingi. Oveni ohm 29 na taa ya wati 60 ikishawaka ina ohm kama 880, nani moto? Oveni. Hapo tumia volti mara volti gawa kwa ohm.

Lakini plagi mbovu na oveni havikuchomekwa kila kimoja na njia yake. Viko kwenye mstari mmoja, kama watu wanapokezana ndoo. Ampia zinazopita kwa mmoja ndizo zinazopita kwa mwengine, 7 kwa 7. Hapo mwenye ohm kubwa ndiye anayekula wati nyingi, na hesabu yake ni ampia mara ampia mara ohm. 7 mara 7 mara 29.3 ni 1435 za oveni, 7 mara 7 mara 2 ni 98 za ekstensheni. Namba zile zile, tumeziendea kwa mlango mwengine. Skrubu ilipokuwa imekazwa ilikuwa na ohm karibu na sifuri, ilipolegea ikapanda mpaka moja na nusu, na ampia bado zinasukumwa kupita. Kwa hiyo fundi sawa na mie sawa.

Hiyo kanuni ya volti, ampia na ohm tunamdai Mjerumani Georg Ohm, naye alikuwa mwalimu wa skuli kama sie. Kitabu chake kilitoka 1827 na wakubwa wa kwao mwanzoni hawakukitia maanani.

Na hii ampia mara ampia ndiyo sababu umeme wetu wa Unguja haupiti baharini kwa volti 230. Ule waya unaoingia Ras Kiromoni na kutokea Fumba unabeba volti 132,000, na huo wa kwenu Pemba unaotoka Tanga, uliowashwa 2010, volti 33,000. Kwa wati zile zile, ukipandisha volti mara 10 ampia zinashuka mara 10, na hasara ya kwenye waya inashuka mara 100. Ekstensheni ya Bi Keki imefanya kinyume chake tu, volti ndogo, ampia nyingi, waya mwembamba.

Kijana_Amani

Mwalimu waya wa bahari usinikumbushe, mie ile miezi mitatu ya giza Disemba 2009 mpaka Machi 2010 nlikuwa mdogo, nasikia kelele za jenereta mpaka leo.

Nina swali la kipumbavu kidogo. Mie nlinunua multimita ya bei rahisi nikataka nijue soketi ya nyumbani ina ampia ngapi. Nikaweka kwenye A nikachoma zile sindano mbili kwenye soketi. Ikapiga PAA, mita imekufa na nyumba nzima giza. Kwani nlikosea nini, mbona volti unapima hivyo hivyo?

FundiChake

Mwanangu shukuru Mungu kilichokufa ni mita na umeme tu. Soketi haina ampia. Soketi ina volti, ampia zinakuja pale kitu kinapochomekwa, na wingi wake unatokana na ohm za kitu hicho. Mita ukiiweka kwenye volti ndani inajifanya ina ohm nyingi sana, mamilioni, hakupiti kitu. Ukiiweka kwenye A ndani yake ni kama kipande cha waya mtupu, kwa sababu imekusudiwa kukaa kwenye mstari na chombo isikizuie. Wewe umechukua waya mtupu ukaunganisha matundu mawili ya soketi. Hata tuseme njia nzima ina nusu ohm, 230 gawa kwa 0.5 ni ampia 460. Ndio hiyo paa.

Ampia za nyumbani tumia ya kubana kama alivyofanya Bi Keki. Na ohm usipime hata siku moja kitu kikiwa kimechomekwa.

Mpemba_wa_Wete

Nami nna langu hapohapo. Nimebana waya wa friji ikasoma ampia 0.9, volti 222. Nikizidisha napata 200 na kibandiko kinasema wati 120. Basi friji langu linakula zaidi ya lilivyoandikwa?

FundiChake

La. Friji lina mota, na mota volti na ampia zake haziendi pamoja kwa wakati mmoja, moja inatangulia nyengine inafuata, kwa hiyo ukizidisha tu unapata namba kubwa kuliko wati za kweli. Hesabu ya Bi Keki ni ya vitu vya moto, oveni, pasi, birika, hita ya kuchemshia maji. Feni, friji na mota ya kupandisha maji tangini usiziamulie hivyo, azima kipimo kinachosoma wati moja kwa moja.

BiKeki_Fuoni

Nimerudi na habari. Jirani kaifungua plagi mbele yangu, waya mmoja skrubu yake ilikuwa inacheza na nyuzi zimeungua nyeusi, zilizobaki nzima nimezihesabu nne. Nne! Na mie nlikuwa naoka keki za harusi juu ya nyuzi nne.

Leo kaja fundi umeme kaniwekea soketi palepale dirishani kwa waya wa milimita 2.5, kapita juu ya ukuta kwa bomba. Kabla hajaondoka nimemshika apime, oveni inawaka: volti 218, ampia 7.4. Mdogo wangu kaandika ukutani kwa chaki wati 1613, ohm 29.5. Ile ile ohm 29 mwalimu uliyoisema! Nimeoka ya majaribio, dakika 45, na juu imeshika rangi, na ile taa nyekundu dakika ya 20 hivi ikazima yenyewe ikawaka tena, mie nikapiga ukelele nikidhani imekufa.

Imebaki hii 218 haijafika 230, hilo vipi? Na ile hasara ya yuniti ilikuwa kiasi gani, nataka nijue nilie kiasi gani.

Mwalimu_Mtoni

Mashaallah. 218 usihangaike nayo, jioni watu wakiwasha vyao inashuka na usiku wa manane inapanda, jaribu kupima saa sita za usiku utaona.

Hasara: wati 98, tuseme ulikuwa unaoka saa 3 kwa siku na oveni haizimi kama ulivyosema. 98 mara 3 ni 294, gawa kwa 1000 ni yuniti 0.29 kwa siku, mwezi wa siku 30 yuniti 8.8. Lakini hiyo ni ya plagi na waya tu. Kubwa zaidi ni kwamba oveni yenye moto mdogo inakaa muda mrefu kupambana na joto linalovuja nje, dakika 60 badala ya 45. Saa zima kwa ile ekstensheni, oveni na waya pamoja ni wati 1533, yuniti 1.53 kwa keki moja. Sasa hata tuseme oveni haizimi kabisa, 1613 kwa dakika 45 ni yuniti 1.21. Na ile taa imezima yenyewe, maana yake oveni imefika joto uliloweka ikajizima kidogo, kwa hiyo ni chini ya hapo.

BiKeki_Fuoni

Basi theluthi moja ya yuniti kila keki, na wiki za Idi naoka kumi kwa siku 😭 Kesho nashuka Darajani kumuomba radhi yule kijana, nlimwambia maneno makali mbele ya wateja. Nitampelekea kipande, ya majaribio hiyo hiyo.

Yakhe77

Na mie nliyekwambia umbane nikatiwe kipande gani 😂

FundiChake

Ekstensheni usimpe mtu wala usiitupe nzima, wenye kuokota wataiunga waitumie. Kata plagi.

BiKeki_Fuoni

Nishaikata fundi. Lakini mdogo wangu kauchukua ule waya wa mita 10, anasema anataka apime kama kweli ni ohm 0.46 au umemtungia.

FundiChake

Haha mwache apime. Aunganishe ncha mbili za upande mmoja, apimie upande wa pili. Ila mwambie mita za kawaida chini ya ohm moja zinadanganya kwa sababu zile sindano na nyaya zake zenyewe zina ohm zao. Agusanishe sindano kwanza aone inasoma ngapi, mara nyingi 0.2 au 0.3, halafu atoe hiyo kwenye jibu.

Na akikuta zaidi ya 0.6 aniletee namba hapa, maana nao waya huo huenda si shaba tupu.